Mbayuwayu Wawili wa Shule Yetu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike habari za ndege, kwa kuwa mwaka jana nilikuwa mmoja wa wanafunzi sita waliopewa kazi ya kutazama kiota kilichokuwa upenuni mwa ghala la shule. Nimekubali. Lakini nawaomba wasomaji, hasa walimu na wazazi, wanivumilie, maana habari hii haiwezi kuelezwa yote bila kueleza na aibu yangu.

Wengi wenu mnawajua mbayuwayu. Mnawaona jioni wakiruka chini chini juu ya uwanja wa mpira na kudaka wadudu. Mimi tangu utoto wangu niliamini kwamba mbayuwayu wote ni wamoja. Nyumbani kwetu, mama akiwaona wengi hewani husema mvua i karibu, akaenda kuanua mahindi yake. Hana haja ya kujua zaidi ya hapo, wala mimi sikuwa na haja.

Mwalimu wetu wa Baiolojia ndiye aliyenifumbua macho. Siku moja katika mwezi wa Oktoba, vuli ilipoanza, alitutoa darasani akatupanga mbele ya ghala, akauliza, "Mnaona mbayuwayu wa aina ngapi?" Tukajibu kwa sauti moja, "Aina moja, Mwalimu." Hakutukemea. Alituambia tukae pale dakika ishirini bila kusema neno, kisha tujibu tena.

Dakika ishirini zilipokwisha, hapana hata mmoja wetu aliyejibu kama mwanzo. Upenuni walikuwapo ndege wawili, mume na mke, wakiokota matope kando ya bomba la maji na kuyapeleka juu tonge kwa tonge. Vichwa vyao vilikuwa na rangi ya kutu, na vifua vyao vilikuwa vyeupe vyenye michirizi myeusi. Kiota chao kilikuwa mfano wa chupa iliyolazwa, chenye tumbo na shingo. Juu ya waya za umeme walikuwapo wengine wengi wamejipanga. Hao migongo yao ilikuwa ya buluu iliyokoza, koo la hudhurungi, na ukanda mweusi umezunguka kifua. Hao hawakuokota hata tonge moja la tope.

"Wenye michirizi ni wenyeji," Mwalimu alisema. "Hujenga hapa na kulea hapa. Wale wa wayani ni wageni. Kwao ni Ulaya na Asia, na huko ndiko wanakojenga. Baridi ya kwao inapokuja na wadudu kwisha, huja huku. Mwezi wa Machi na Aprili hurudi kwao."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kazi ya kwanza ya mtaalamu wa ndege ni kutofautisha. Kazi hiyo si rahisi, na haijakwisha hata leo. Katika msitu wa Magamba, ambao sote twauona kutoka hapa Lushoto, yuko ndege mdogo wa jamii ya kurumbiza, mgongo wake rangi ya zeituni, mpole, apendaye kukaa chini penye giza. Mtaalamu Reichenow wa Berlin alimpa jina la kitaalamu mwaka 1907. Ndege huyo haonekani mahali pengine popote duniani ila katika Usambara ya Magharibi. Yuko na mwingine, mkubwa kidogo, mwenye tumbo la rangi ya chungwa, ambaye hupekua majani makavu kama kuku. Huyo kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa tawi tu la ndege aliyeenea hadi Afrika Kusini. Wataalamu walipolinganisha chembe za urithi, waliona kwamba amejitenga tangu zamani sana, na sasa huhesabiwa kuwa aina yake mwenyewe, ya milima ya Usambara na Pare tu. Ndege hakubadilika. Waliobadilika ni watazamaji, baada ya kutazama vizuri zaidi.

Kujua safari za wageni nako kulichukua muda mrefu. Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hujizamisha katika maziwa wakati wa baridi, wakalala humo hata joto lirudi. Hata Linnaeus wa Uswidi, ambaye mwaka 1758 alimpa mbayuwayu huyu jina lake la Kilatini, aliandika hivyo hivyo. Alijua kupanga viumbe wote wa dunia, lakini hakujua ndege wa paa lake mwenyewe huenda wapi.

Aliyefungua njia ya kujua ni mwalimu wa shule kama walimu wetu. Huko Viborg katika nchi ya Denmark, Mwalimu Mortensen alianza mwaka 1899 kuwavika ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na namba yake. Wengine wakamfuata. Mwezi wa Mei mwaka 1911, mbayuwayu mmoja alivikwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 akanaswa katika nyumba moja ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, karibu kilometa 10,000 kutoka alikovikwa. Fikirini ndege wa gramu 20 hivi! Waliomwona wangaliweza kuitupa ile pete, na hapana mtu ambaye angalijua. Lakini habari zake ziliandikwa katika barua na kupelekwa Uingereza, na kwa barua hiyo dunia ikapata uhakika.

Sasa nirudi milimani kwetu. Mwaka 1928 alifika Amani, katika Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, Mwingereza mmoja aitwaye Reginald Moreau. Hakuwa amesomea elimu ya ndege chuoni. Kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi huko Cairo. Lakini alizoea kuhesabu, na hesabu aliileta katika ndege. Yeye na mkewe Winifred walikaa Amani hata mwaka 1946. Alitaka kujua ndege gani wanakaa mwinuko gani wa mlima, wanataga mayai mangapi, na wazazi wanakwenda kiotani mara ngapi kwa saa. Kwa kazi hiyo ya mwisho alihitaji watu wa kukaa kando ya kiota saa baada ya saa, na wenyeji wa milima yetu walikuwa miongoni mwa watazamaji wake. Mwaka 1939 alichapisha hesabu za namna hiyo juu ya mbayuwayu wa aina nyingine, mwenye mkia wa nyuzi nyembamba. Jina la Moreau linajulikana popote wanaposoma elimu ya ndege. Watazamaji wale hawajulikani hivyo, lakini bila wao baadhi ya hesabu zake zisingalipatikana.

Mwaka 1944 Moreau alionyesha jambo la ajabu. Ndege wa nchi zilizo karibu na ikweta, aghalabu hutaga mayai machache kuliko ndugu zao wa nchi za mbali na ikweta. Kwa nini? Mwingereza David Lack alieleza mwaka 1947 kwamba ndege hutaga kadiri ya watoto anaoweza kuwalisha, na kwamba mchana mrefu wa kiangazi cha Ulaya humpa mzazi muda mwingi zaidi wa kutafuta chakula. Wengine walisema sababu kubwa ni nyoka na wanyama wengine wanaovamia viota vya nchi zetu. Mjadala huo haujafungwa hata leo.

Basi Mwalimu alituambia kwamba na sisi tutahesabu. Makinda yalipoanguliwa katikati ya Novemba, alitugawia zamu sita na daftari moja lenye mistari: saa, dakika, mzazi ameingia, hali ya hewa. Kila mmoja atatazama saa moja kwa zamu yake, kisha ampe mwenzake daftari.

Nilitazama kwa uaminifu zamu nne. Zamu yangu ya tano iliangukia Jumamosi, saa nane mchana, na saa nane hiyo hiyo timu yetu ilikuwa ikicheza na shule ya jirani. Nilikaa dakika kumi. Nikasikia kelele za bao kutoka uwanjani. Nikajiambia kwamba nitakwenda kuuliza tu ni nani amefunga, kisha nirudi. Nilirudi saa tisa kasoro dakika tano.

Daftari lilikuwa juu ya mawe nilipoliacha. Mwenzangu alikuwa akija njiani. Nikachukua kalamu, nikaandika kwamba mzazi aliingia saa nane na dakika kumi na nne, na dakika kumi na nane, na dakika ishirini na mbili, na kuendelea hivyo, kila dakika nne, kama mtu apigaye kengele. Kwenye hali ya hewa niliandika "jua". Hilo lilikuwa kweli. Nikampa mwenzangu daftari, akaniuliza, "Wameingia vizuri?" Nikamjibu, "Vizuri."

Siku ya Jumatatu jioni tulikuwa bwaloni tukila makande. Mwalimu alikuwa wa zamu. Mpishi wetu, ambaye sote humwita Babu, akamwendea akamwambia, "Mwalimu, lile bati la ghala limekwisha tengenezwa. Fundi alipanda ngazi Jumamosi wakati wa mpira, akakaa juu pale kama dakika arobaini. Niliwahurumia ndege wako, walikuwa wakizunguka kichwa chake na kulia, wasiweze kuingia kwa watoto wao."

Mwalimu alisema, "Ahsante, Babu," akaendelea na zamu yake. Hakunitazama. Mimi makande yalinikwama kooni. Usiku ule sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho niliiona ile ngazi, na wale ndege wakilia, na kalamu yangu ikiwaingiza kiotani kila dakika nne.

Alfajiri nilikwenda nyumbani kwake kabla ya gwaride. Nilibisha hodi, nikamwamkia, nikasema, "Mwalimu, saa ile ya Jumamosi sikuitazama. Nilikwenda mpirani. Niliyoandika ni uongo."

Daftari lilikuwa mezani kwake, limefunuliwa ukurasa ule ule. Akasema, "Nilikuwa nakungoja. Kaa."

Nilitazamia fimbo, au barua kwa baba yangu. Badala yake aliniuliza kwa upole, "Zamu zako nne za kwanza, je, ulitazama?"

"Nilitazama, Mwalimu. Naapa."

"Wewe waweza kuapa," akasema. "Daftari haliwezi. Atakayelisoma mwaka ujao hatakuona uso wako. Ungaliacha saa ile tupu, ungalinitia hasara ya saa moja. Sasa umenitia hasara ya saa tano."

Akanipa kalamu nyekundu. Mimi mwenyewe nikakata kurasa zangu zote tano, na chini ya kila mojawapo nikaandika, "Haitumiki." Katika kurasa hizo ilikuwamo saa moja ya asubuhi ya ukungu ambayo niliitazama huku natetemeka kwa baridi, na ilikuwa kweli tupu. Nayo niliikata.

Kisha Mwalimu akaniambia niwaeleze wenzangu watano. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko fimbo. Mmoja wao alinisikiliza hata mwisho, akasema, "Mimi nililowa mvua siku mbili kwa ajili ya daftari lile." Hakusema zaidi. Kwa siku kadhaa hakunisemesha, nami sikumlaumu.

Katikati ya juma nilirudi kwa Mwalimu nikamwomba anipe zamu nyingine. Akanitazama sana. Akasema, "Jumamosi hii, tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa kumi na mbili jioni. Ukishindwa, andika kwamba umeshindwa."

Siku ile ndiyo iliyonifunza. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, hata bendera ya shule sikuiona. Katika saa ya kwanza wazazi waliingia mara mbili tu. Nilitamani kuandika hata mara tano, kwa kuwa mbili zilionekana haba, kama kwamba ni mimi niliyekuwa mvivu. Niliandika mbili. Jua lilipopasua ukungu, wadudu wakaamka, na ndege wakawa kama wamerukwa na akili. Saa nne hata saa tano waliingia mara 17, na safari nyingine wote wawili kwa pamoja, mmoja akingoja nje hata mwenziwe atoke. Hawakufuata kengele. Safari moja walipotea dakika kumi na moja, kisha wakaja mara tatu ndani ya dakika moja. Ndipo nilipoelewa kwamba uongo wangu ungalijulikana hata bila ya fundi na ngazi yake, maana ndege wangu wa daftarini waliingia kwa ratiba, na ndege wa kweli hawana ratiba.

Mchana Babu aliniletea ndizi mbili na maji. Jioni makinda yakatoa vichwa kwenye shingo ya kiota, na kwa mara ya kwanza nikahesabu vinywa vya manjano: vitatu. Ndugu zao wa wayani, wale wageni, hulea huko kwao wanne au watano. Lile swali la Moreau sikulisoma tena kitabuni, lilikuwa limenitolea vichwa juu ya paa la ghala.

Nimefikiri sana tangu siku ile juu ya kukosea na kudanganya. Katika kitabu chake juu ya safari za ndege, kilichotoka mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake, Moreau alikadiria kwamba ndege wapatao milioni 5,000 huhama kila mwaka kutoka Ulaya na Asia kuja Afrika. Mwaka 2009 wataalamu wengine walipiga hesabu upya kwa ndege wadogo watokao Ulaya, wakapata kama milioni 2,100. Hesabu ya Moreau ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini hapana aliyemwita mwongo, kwa sababu alikuwa ameonyesha njia aliyopita kufikia hesabu yake, na waliomfuata waliweza kuipita njia hiyo hiyo na kuona kama imepinda. Njia yangu mimi ya Jumamosi ile ilielekea uwanja wa mpira, na hapana mtu ambaye angaliweza kunifuata.

Kazi hii inaendelea bado katika milima yetu. Tangu mwaka 1987 Mmarekani William Newmark amefanya utafiti Usambara ya Mashariki na ya Magharibi kwa kunasa ndege wa msituni katika nyavu nyembamba, kuwavika pete na kuwaachia, ili ijulikane ni wangapi wanadumu katika vipande vya msitu vilivyobaki kati ya mashamba. Imeonekana kwamba katika vipande vidogo baadhi ya aina hutoweka, na viota vingi zaidi huharibika. Naye mtaalamu wa Tanzania, Charles Mlingwa, pamoja na Neil Burgess, walikusanya mwaka 2000 ushahidi kwamba baadhi ya ndege wa misitu ya milimani hushuka nchi za chini wakati wa baridi. Kwa hiyo hata wenyeji wetu wengine ni wasafiri, ila safari yao ni fupi. Msitu ukikatika katikati ya mlima, hao watapita wapi?

Makinda yetu matatu yaliruka kabla ya kufunga shule mwezi wa Desemba. Wageni wa wayani walikaa wakati wote wa joto. Muhula huu, kuanzia katikati ya Machi, nilikuwa napita pale kila asubuhi kabla ya gwaride na kuwahesabu, wakazidi kupungua. Asubuhi moja, mapema mwezi wa Aprili, waya zilikuwa tupu. Nilingoja nusu saa, nisije nikaandika lisilo kweli. Kisha nikafungua daftari jipya alilonipa Mwalimu, nikaandika tarehe, na mbele yake nikaandika sifuri. Yule mwenzangu aliyelowa mvua alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaitazama waya, akaitazama sifuri yangu, akachukua kalamu akatia sahihi yake kando ya yangu.

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, nawaomba mambo mawili. Wekeni manati zenu mbali na upenu wa ghala. Na mtu akiokota ndege mwenye pete mguuni, asiitupe. Anakili namba zake zote kama zilivyo, na kama moja haisomeki, aseme haisomeki, kisha ampelekee Mwalimu. Mwezi wa Oktoba, tutakapokuwa karibu na mtihani wetu wa mwisho, wageni watarudi wayani. Watahitajika watazamaji wapya sita.